Sinema za Bi Turkiya

Watu wa Ibra walimjua Bi Turkiya kwa mikono yake kabla ya kumjua kwa jina. Alifika mwaka wa sabini na moja, keshapindukia miaka sitini, mjane, pamoja na Khalaf, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tokea siku ya kuzaliwa na aliyemwita mama. Khalaf alikuja na mkewe Fawziya na binti yao Azza, ambaye bado alikuwa akijifunza kutembea. Jamaa wa upande wa baba wakawapa vyumba viwili katika nyumba ya udongo yenye kuta nene, pembeni ya mitende, na kila asubuhi wakawaletea maziwa na mkate.

Ukarimu ulikuwepo, kisichokuwepo ni lugha. Bi Turkiya alizaliwa Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha salamu. Akishauliza hali ya mtu, na ya watoto, na ya mbuzi, na kumshukuru Mungu kwa yote, maneno yalimwishia.

Alasiri moja wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakinywa kahawa. Binti ami yake, Ghalia, akamuuliza walivyotoka Unguja. Fawziya, ambaye Kiarabu alikijua, alikuwa ndani anamnyonyesha mtoto, hakuna wa kufasiri. Bi Turkiya akaweka kikombe chini, akasimama.

Akawaonyesha. Aliwaonyesha mumewe, marehemu Marzouq, aliyefariki kabla hawajafika Ibra, akifunga mlango wa nyumba yao, akiutikisa kuona umefunga, akishuka ngazi mbili, kisha akirudi kufungua tena kwa sababu kakumbuka dirisha la juu liko wazi na mvua inaweza kuingia. Akawaonyesha yeye mwenyewe melini, kakumbatia sufuria kama mtoto, asijue kwa nini katika vitu vyote vya nyumba kachukua sufuria. Wanawake walicheka kwa sufuria mpaka wakajipangusa macho. Lakini Ghalia alikuwa hacheki. Alikuwa bado yuko kwenye lile dirisha.

"Huyu dada yangu kafundishwa na nani haya?" alimuuliza Fawziya alipotoka.

Bi Turkiya alipofasiriwa alikaa chini akajitengeneza shela. "Mwambie mtu akikosa maneno, mikono hujifunza yenyewe."

Si kweli, na alijua si kweli. Lakini alikuwa amemuapia mama yake, na mama yake alikuwa kaburini.

Baada ya miaka michache Khalaf alipata kazi Nizwa, katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia falaji, ile mifereji ya kale inayoleta maji mashambani. Alikuwa mtu wa bidii na mwenye haya. Kiarabu alijifunza ukubwani, akakipiga msasa kama seremala anavyopiga mlango, kwa sababu siku za mwanzo ofisini kuna mtu alimcheka alivyotamka neno, na Khalaf hakulisahau lile cheko. Nyumbani walisema Kiswahili. Akivuka kizingiti, Kiswahili alikivua pamoja na makubadhi ya ndani. Bi Turkiya aliliona hilo na hakumlaumu. Alikuwa amemlea, alijua tokea utotoni kwamba Khalaf akiaibika huumwa tumbo.

Mwaka wa thamanini na moja Khalaf akanunua mashine ya video, na Fawziya akawa anakodi filamu za Kihindi katika duka moja la sokoni. Siku moja, baada ya alasiri, Fawziya na Azza walikuwa mbele ya televisheni, na Bi Turkiya nyuma yao akichambua mchele, akitazama kwa jicho moja. Palikuwa na harusi katika ile filamu. Bibi yake bi harusi, kikongwe mwenye miwani, alikaa pembeni akizungusha tasbihi, akainua uso kumtazama mjukuu wake.

Sinia la mchele likamtoka Bi Turkiya mapajani.

"Azza, rudisha nyuma."

"Kuna nini, Bibi?"

"Rudisha, mwanangu. Pale pa yule kikongwe."

Azza akarudisha. Kikongwe akainua uso tena. Bi Turkiya alijikongoja mpaka karibu na kioo, akapiga magoti, akaweka kidole kwenye shavu la yule mwanamke.

"Mehru," alisema. "Mehru huyu. Tukilala mkeka mmoja, mie na yeye. Akikoroma kama mzee wa kiume."

Fawziya alidhani mama mkwe wake kapandwa na homa, akamwekea mkono kwenye paji. Lakini Bi Turkiya alikuwa mzima. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mama yake yuko mbali sana pale alipo, na Mehru yuko hai, kazeeka, bado anafanya kazi. Akashindwa kunyamaza. Akawasimulia.

Alikuwa na miaka kumi na mitano baba yake alipowachukua yeye na mama yake Bombay, kwa sababu mama aliugua macho na palisemwa kuna daktari hodari. Mdogo wake, Fakhriya, ambaye baadaye alimzaa Khalaf, aliachwa Unguja kwa bibi yao. Macho ya mama yalipona. Baba ndiye aliyepata homa, akazikwa kule kule. Mama na binti wakabaki katika chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu, katika mji wasioujua. Mama akaanza kushona, na nguo alizoshona zilikuwa za kampuni ya sinema. Siku moja akamtuma binti kupeleka mashela yaliyokuwa tayari.

"Nikakuta watu wamesimama juani wamejipaka unga usoni," Bi Turkiya alisema. "Nikadhani wendawazimu. Yule mkubwa wao akanitazama, akasema na mie Kihindi. Sikuelewa hata neno. Akanyosha mkono hivi, nikimbie. Nikakimbia. Akanionyesha nigeuke. Nikageuka. Basi, hapo tena."

"Hukujua Kihindi, Bibi, ukaigiza?" Azza aliuliza.

"Nani anitake kusema? Sinema zile zilikuwa hazina sauti. Walikuwepo Waparsi, Mayahudi, Wabaluchi, na mie Mswahili wa Malindi ya Unguja, kila mmoja anasema lugha yake mbele ya kamera na watazamaji hawasikii kitu. Pahala pa kumlaani adui yangu, mie nikisema: nenda kwa amani, ukanywe uji wako. Lakini uso umekasirika!"

Walimpa jina la Mis Lulu. Alicheza binti mfalme aliyeibiwa, mama aliyezama mtoni, mwizi wa farasi aliyevaa kiume. Mehru alikuwa mwenzake wa umri mmoja, na kampuni iliwaweka chumba kimoja na mama wa Turkiya akiwalinda mlangoni. Miaka ikapita hivyo. Kisha sauti ikaja. Wakamsimamisha mbele ya chombo cha kunasa sauti, wakampa mistari ya kusema. Kihindi keshajifunza, kinamtosha sokoni, lakini kilitoka mdomoni na mawimbi ya Unguja ndani yake. Mtu wa mitambo aliyavua masikio yake ya chuma, yale ya kusikilizia, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu. Mehru, ambaye Kihindi ndicho alichonyonya, akapita. Turkiya hakupita.

Melini, wakirudi Unguja, mama yake alimuapisha kwa msahafu. Hakuna atakayemwoa akijua. Hakuna atakayemwoa hata Fakhriya. Waseme alikuwa akishona.

"Na babu Marzouq hakujua?"

"Alijua. Nilimwambia usiku wa harusi, nikamwambia ukitaka kuniacha niache sasa kabla sijazoea. Akaniuliza: ulikuwa hodari? Nikamwambia nilikuwa hodari sana. Akasema basi. Hakusema jingine."

Marzouq ndiye, miaka mingi baadaye, aliyemruhusu kusema michezo katika redio ya Unguja, kwa jina la kubuni, kwa hoja kwamba redioni hakuna atakayemwona. "Kule walikuona wasikusikie," alimwambia, "hapa watakusikia wasikuone. Haramu iko wapi?" Na harusini, wanawake watupu, milango imefungwa, Turkiya aliigiza vichekesho mpaka mabibi harusi wakaharibu wanja. Hata siku moja hakupumzika na kazi yake. Aliibadilisha nguo tu.

Khalaf alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua kasimama tokea lini. Kilemba chake kiko mkononi, na uso wake Bi Turkiya aliusoma kama alivyousoma alipokuwa na miaka sita.

"Fawziya, mchukue mtoto," alisema. Walipotoka, alikaa kwenye kiti, si chini karibu naye kama desturi yake. "Mama. Ya redio nilikuwa nayajua. Haya siyajui."

"Hukuwa na haja ya kuyajua."

"Mji huu mdogo. Mie kila siku naingia kwa watu ambao babu zao wamezaliwa hapa hapa. Wananiita Mzinjibari, wanacheka, nacheka nao. Wakisikia na hili..." Akakikunja kilemba magotini. "Yasitoke nje ya mlango huu. Nakuomba."

"Yamekaa ndani miaka khamsini, baba. Yamezoea."

Alisema kwa upole, na alikuwa hana hasira. Lakini tokea siku hiyo kila Fawziya alipowasha video, Bi Turkiya alikwenda chumbani kwake akasoma uradi, na Khalaf aliona, akaumwa tumbo.

Ikapita miaka miwili. Kikaja kikundi cha televisheni kutoka Maskati kupiga mchezo wa Ramadhani, na mahali walipopachagua ni Birkat al Mauz, kijiji kilicho chini ya Jebel Akhdar, kwenye mashamba ya migomba yanayonyweshwa na falaji. Ofisi ikamtoa Khalaf awe mwenyeji wao. Mkuu wao alikuwa kijana anaitwa Zuhair, kasomea Misri, mwembamba, mvutaji sigara, mwenye adabu.

Siku ya tatu bibi aliyeletwa kucheza mama mzee akaugua, akarudishwa Maskati. Zuhair akamshika Khalaf mkono. Hapana mama mtu mzima hapa, hata mmoja, atakayekubali kukaa mbele ya kamera? Stara yake itatunzwa, shela lake kichwani, mwanawe akae pembeni. Khalaf akamwambia hapana. Mama zetu hawawezi mambo haya.

Jioni alirudi nyumbani akaketi kwenye chakula, akamega tonge, akalirudisha sahanini. Akasukuma sahani, akaja kukaa chini, kwenye mkeka, bega kwa bega na mama yake.

"Leo nimesema uongo," alisema.

Akamweleza. Bi Turkiya alisikiliza huku akimtengenezea kola ya kanzu, ambayo haikuwa na kasoro.

"Mchezo wenyewe unahusu nini?"

"Mama ambaye mwanawe alisafiri Afrika akakaa miaka, hajui yu hai au kafa. Kisha anarudi."

"Kumbe," alisema Bi Turkiya. "Hadithi ya kila nyumba hapa."

"Unataka kwenda?"

"Khalaf, mie mtu mzima nishakaribia kukutana na Mola wangu. Nikikwambia sitaki, nitaongopa na mie pia, tutakuwa wawili."

Asubuhi alimpeleka mwenyewe, katika pikapu ya Datsun, Azza kabanwa katikati, kaacha skuli kwa ruhusa ambayo baba yake hakumbuki kuitoa. Bi Turkiya alivaa shela jeusi na kajitia hina vidoleni.

Zuhair alimpokea kwa heshima, akamkaribisha kama mama yake mkubwa. "Ahlan, ya khalti." Akampa mistari aseme. Bi Turkiya akaisema, na vijana wawili wa mitambo wakatazamana. Zuhair mwenyewe hakucheka, lakini alijikuna shingo. Mama wa kijijini Nizwa hawezi kusema Kiarabu chenye mawimbi ya Unguja.

"Tutamfanya bubu," alimwambia Khalaf taratibu. "Amekuwa bubu kwa huzuni. Si vibaya kwa hadithi. Mama atakasirika?"

Khalaf akafasiri huku kainamisha kichwa. Bi Turkiya akapiga makofi kwa furaha. "Mwambie hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Lakini mara ya kwanza haikwenda. Alikaa ukingoni mwa falaji kama alivyoelekezwa, kikombe mkononi. Zuhair akapaza sauti: "Sukuut!" Kila kitu kikanyamaza. Watu wakashika pumzi. Maji tu yakawa yanasikika, na ndege, na Bi Turkiya akaingiwa na hofu. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeachwa peke yake msikitini. Wakakata. Wakarudia. Ikawa vile vile.

Khalaf akaenda kuchutama karibu yake. "Umechoka? Tuondoke?"

"Mbona wananyamaza?" alinong'ona. "Sisi hatukunyamaziwa. Kamera ikizunguka, mkubwa anapiga kelele: mtazame, sasa mwogope, sasa mpende! Seremala anagongomea huko, Mehru ananichekesha upande. Kimya hiki kinanitisha, Khalaf. Kimya hiki ndicho kilichonifukuza Bombay."

Khalaf alimtazama mama yake. Hakuwahi kumwona akiogopa, hata ile siku ya meli. Akasimama, akaenda kwa Zuhair, akamweleza kwa Kiarabu chake kilichopigwa msasa, mbele ya vijana wa mitambo na wakulima waliokuja kutazama na mwenzake mmoja wa ofisini. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa mwigizaji Bombay zamani, enzi za sinema zisizo sauti, na kwamba kazoea kusemeshwa. Na kwa kuwa mchezoni ni bubu, sauti haihitajiwi.

Zuhair akatoa sigara mdomoni. "Kweli?"

"Kweli. Mis Lulu."

"Basi msemeshe wewe," alisema Zuhair. "Mie sijui lugha yenu."

Hivyo Khalaf akasimama kando ya kamera, kanzu yake nyeupe, kilemba cha kazini kichwani, na kwa sauti kubwa, mbele ya kijiji kizima, akasema Kiswahili.

"Maji yanapita, Mama. Osha kikombe. Huna haraka. Sasa kuna kitu kwenye migomba. Hapana, upepo. Endelea kuosha. Mama, si upepo. Kuna mtu anakuja. Yuko mbali bado. Humjui. Mwendo wake lakini, mwendo wake unaujua. Anatembea kama anayeumwa tumbo."

Bi Turkiya akaacha kuosha. Kikombe kikajaa maji mkononi mwake kikafurika, na hakukitazama. Yule kijana mwigizaji alikuwa anatoka migombani na mkoba wake begani, lakini sauti ilikuwa ya Khalaf, na Khalaf keshasahau kuelekeza.

"Ni mie, Mama," alisema. "Nimechelewa. Nisamehe, nimechelewa."

Alichofanya Bi Turkiya baadaye hakukumbuka. Azza alikuwa kasimama nyuma ya kamera, na alisema bibi hakukimbia, hakulia. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, mahali pasipoweza kupinduka, akajifuta mikono kwenye nguo, na ndipo akaifungua mikono.

Ramadhani ilipofika, baada ya tarawehe, majlisi ya Khalaf ilijaa wageni wa ofisini. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi, televisheni imegeuzwa ili pande zote mbili zione. Ghalia alikuwa kaja kutoka Ibra kwa ajili hiyo tu. Bi Turkiya alikaa karibu na mlango, shela limemfika puani. Hakuwahi kujitazama katika picha tokea ujana wake. Alimwona kikongwe ukingoni mwa maji, akafikiri: mama yangu huyo. Kisha akajitambua.

Muziki ulikuwa umewekwa juu ya picha. Sauti ya Khalaf haikuwepo. Kikongwe akaweka kikombe. Akafungua mikono. Na hapo Bi Turkiya akaona jambo asilolijua: midomo yake ilisema. Bubu kasema. Hakusikika, lakini midomo ilikwenda wazi kabisa, na kila mwenye Kiswahili chumbani aliisoma. Fawziya akajiziba mdomo.

Upande wa wanaume, mzee mmoja wa Nizwa aliyefanya kazi na Khalaf aliinama mbele. "Kasema kitu huyu. Kasema nini?"

Bi Turkiya kutoka pale mlangoni aliuona mgongo wa Khalaf tu, mabega yake, na kilemba kikishuka kidogo.

"Anauliza: umekula, Khalaf?" alisema Khalaf kwa Kiarabu. "Jina langu analiita. Ni mama yangu huyo, mzee wangu. Mama yangu mie. Kaigiza sinema tangu kabla sijazaliwa."

Mzee alichukua birika. Akamimina kahawa, akampa Khalaf kikombe kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mwenyeji ni Khalaf. "Mungu amhifadhi," alisema. "Na mimi mama yangu ameniuliza hivyo hivyo, nilipotoka Bahrain. Sikuwa nimekula."

Baada ya hapo hakufichwa tena. Zuhair alimtaka kila alipokuwa na nafasi ya mama au bibi, na nyingi zilikuwa za watu wasiosema sana. Alicheza katika mji wa Adam, kwenye soko la ngamia. Alicheza mjini Sur, bibi wa nahodha. Khalaf alichukua likizo zake kwa vipande ili asimame kando ya kamera, na wenzake ofisini wakawa wanamuuliza Jumamosi asubuhi, wiki ya kazi inapoanza, Mama kafanya nini safari hii? Naye akawahadithia, na wakati mwingine neno la Kiswahili likamponyoka, na akaliacha liende.

Mara ya mwisho ilikuwa Ashkhara, mwaka wa thamanini na saba, mahali wanapoanika samaki. Magoti yalikuwa hayamtaki tena. Walimkalisha kwenye kiti juu ya mchanga, upepo wa bahari unamchezea shela, na wanawake wa kijiji wamemzunguka wakimlisha tende kabla taa hazijawekwa sawa. Azza, ambaye sasa alikuwa msichana wa kuposwa, alimfunga shela upya kwa pini.

"Bibi, uchoke basi, hata kidogo," alisema. "Baba hatokula mpaka ule wewe."

"Mwambie akale," alisema Bi Turkiya, huku anamtazama Zuhair anayekuja kwa mbali, anapiga hatua kubwa mchangani, mikono hewani, tayari anapiga kelele. "Mie nina kazi."